Maji Uliyaona Yakitoka?

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele. Mwanzoni niliudhani jasho: mstari wa unyevu ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, chini kidogo ya manifoldi, siku ya kwanza yenye joto baada ya miezi ya barafu. Boti ilikuwa bado juu ya magogo nchi kavu, na mimi nilikuwa nimewasha injini kuijaribu, mpira wake wa kuvuta maji ukiwa kwenye ndoo. Nikaupangusa ule unyevu kwa kitambaa. Ukarudi. Nikaupangusa tena, nikasogeza tochi, nikaona tone linajikusanya taratibu, linanenepa, kisha linateleza kwenda ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Injini yenyewe, dizeli ndogo ya silinda mbili, ilikuwa inanguruma vizuri tu kana kwamba haina habari.

Fundi niliyemwita alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alichomoa kijiti cha oili, akaipaka kidoleni, akaniambia nishukuru kwa hilo angalau, maji hayajaingia kwenye oili. Kisha akaniuliza:

"Kabla ya baridi ulitoa maji kwenye bloku?"

"Nilitoa, mzee."

"Uliyaona yakitoka?"

Nikatafuta jibu. Ukweli ni kwamba nilifungua ile koki ndogo iliyo chini ya bloku, yakatoka matone sita au saba, yakakoma, nami nikahesabu kazi imekwisha. Nilikuwa nasikia baridi, mikono imekufa ganzi, na giza lilikuwa linaingia. Mzee hakunisema. Alizima injini, akaifungua koki ile ile, na tena yakatoka matone machache, kimya. Halafu akachukua kipande cha waya, akakisokomeza ndani ya tundu na kukizungusha. Likatoka tope jeusi la kutu na magamba ya chumvi, na nyuma yake maji yakaruka mpaka kwenye mkono wa shati lake. Yaliendelea kutoka kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bloku yangu ulikuwa pabaya, mahali ambapo mzee hakutaka hata kujaribu kuuziba, kwa hiyo mimi nilianzia kwenye ukuta moja kwa moja. Nilitafuta injini nyingine kuukuu ya aina ile ile, na msimu wangu wote wa kiangazi ukaishia humo.

Tangu hapo, kila boti inapopandishwa nchi kavu kwa ajili ya baridi, swali la yule mzee ndilo linaloongoza mikono yangu. Sijiulizi kama nimefungua koki. Najiuliza kama nimeyaona maji yakitoka, mangapi, na ya rangi gani.

Hesabu yake ni ndogo ila haina huruma. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Lita 10 za maji zikigeuka barafu zinataka nafasi ya karibu lita 11, na chuma cha kusubu hakijui kutanuka ili kumpisha mtu. Kinapasuka. Na haihitaji bloku nzima kujaa. Kimfuko kimoja cha maji kilichobaki kwenye kona isiyo na njia ya kutokea kinatosha. Watu wengine watakuambia usihofu, vile vifuniko vya duara vilivyopigiliwa ubavuni mwa bloku vimewekwa ili vifyatuke barafu ikisukuma, bloku ipone. Si kweli. Matundu yale yapo kwa sababu ya kiwandani: bloku inaposubiwa, mchanga wa kalibu unahitaji mahali pa kutolewa, na vifuniko ni vya kuyaziba baadaye. Mara nyingine hufyatuka kweli. Mara nyingine bloku hupasuka na vifuniko vimekaa pale pale, vinang'aa.

Kazi huanza kabla boti haijatoka majini, na huanza na mafuta. Tanki la dizeli nalijaza karibu pomoni, nikiacha nafasi kidogo ya kutanuka. Tanki lililo nusu tupu lina hewa, hewa ina unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hushika kwenye kuta za tanki na kutiririka chini. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hutulia chini kabisa, na pale yanapokutana na dizeli kuna vijidudu na kuvu vinavyoota na kustawi. Ukishaona ule utelezi mweusi kwenye filta hutausahau; unafanana na kitu kilichotolewa kwenye mtaro. Kwa hiyo najaza, natia dawa ya kutunza mafuta, namwaga maji yaliyojikusanya kwenye bakuli la filta, na nabadilisha filta zenyewe.

Kwa petroli mambo ni tofauti kidogo. Petroli nyingi siku hizi imechanganywa na ethanoli, na ethanoli hupenda maji kupita kiasi. Huyavuta kutoka hewani, huyabeba mpaka inapozidiwa, kisha vyote viwili hujitenga na petroli na kuzama chini ya tanki, hapo hapo unapofyonza mpira wa injini. Dawa ya kutunza petroli ni ya kutia kwenye mafuta mapya. Haifufui yaliyokwisha kuoza. Na ukishaitia, washa injini dakika kumi au kumi na tano ili mafuta yenye dawa yafike kwenye kabureta au nozeli, maana dawa iliyobaki kwenye tanki haisaidii kabureta hata kidogo. Nimewahi kukifungua kikombe cha kabureta ya injini ya kupachika nyuma ya boti niliyoitelekeza, nikakuta utandu wa kahawia unaonata kama gundi, na kile kitundu chembamba cha jeti kimezibika kabisa. Nilikizibua kwa waya mwembamba, jambo ambalo mafundi wanakataza kwa sababu waya hupanua tundu, na wako sahihi.

Kisha oili. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya kwa hoja inayosikika kama ya busara: kwa nini nitie oili mpya ikae miezi bila kazi, si bora niibadilishe majira yatakapogeuka? Lakini oili iliyotumika imebeba masizi, unyevu, na asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta. Ukiiacha humo, beringi na krenki vitakaa vimelowekwa ndani ya asidi hiyo msimu mzima, bila kuzunguka hata mara moja. Oili chafu haina madhara makubwa siku injini inapofanya kazi kama iliyo nayo siku injini imelala. Kwa hiyo naibadilisha sasa, injini ikiwa bado ya moto, baada ya kuiendesha kama dakika ishirini. Oili ya moto ni nyepesi na masizi bado yanaelea ndani yake, hivyo uchafu unatoka nayo. Injini za ndani ya boti mara nyingi zimekaa chini sana, hakuna namna ya kuweka karai chini ya sampu, lile bakuli la oili, kwa hiyo huwa nanyonya kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Natia mpya na filta mpya, nawasha dakika mbili ili ienee, basi.

Sasa maji, na hapa sina haraka.

Injini yangu inapozwa na maji ya bahari yenyewe, yanayoingia moja kwa moja kwenye bloku. Injini nyingine zina mzunguko wao wa ndani wenye kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoza, na maji ya bahari yanapita upande wa pili wa kibadilisha joto tu. Wenye aina hiyo wana nafuu, lakini nusu. Kulanti yao ya ndani inataka kupimwa nguvu, na ule upande wa bahari, yaani pampu, kibadilisha joto, kona ya bomba la moshi na sailensa, una hatari ile ile niliyo nayo mimi.

Kwanza naisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Boti ikiwa nchi kavu, nafungua mpira kwenye koki ya kuingizia maji na kuutumbukiza kwenye ndoo kubwa, bomba la bustani likiwa linajaza ndoo. Bomba lenye presha silifungi moja kwa moja kwenye injini kamwe. Injini ikizimika na bomba likaendelea kusukuma, maji hupenya pembeni mwa impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu, hujaza sailensa, hupanda kwenye bomba la moshi, na mwisho wake yamo ndani ya silinda. Ndoo haina presha. Injini huvuta inachohitaji tu.

Na kusuuza kunataka injini ipate moto. Pale katikati ya njia ya maji kuna themostati, vali inayofunguka kwa joto, na ikiwa imefungwa, maji mengi hupita njia ya mkato bila kuingia kwenye bloku. Kwenye injini kama yangu hufunguka kwenye nyuzi 60 hivi, kwa sababu maji ya bahari yakipata moto zaidi ya hapo huacha magamba ya chumvi ndani. Msimu wangu wa kwanza niliiendesha dakika tatu, nikaona maji safi yanatoka nyuma pamoja na moshi, nikaridhika. Yale maji safi hayakuwa hata yamebisha hodi kwenye bloku. Siku hizi naweka kiganja juu ya nyumba ya themostati na kungoja. Huwa baridi, baridi, kisha ghafla inakuwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, na kuanzia hapo ndipo nahesabu dakika kumi.

Ikisha kupoa kidogo nachukua waya. Nimeukunja mwenyewe, una ndoano ndogo mwishoni, na ninauweka kwenye kopo moja na spana za boti ili usipotee. Nafungua koki ya bloku na kuusokomeza hata kama maji yanatoka vizuri. Hasa kama yanatoka vizuri, maana tope hukaa pembeni likingoja kuziba mkondo unapopungua. Nakinga maji kwenye ndoo ndogo, nayapima. Mara ya kwanza baada ya kuweka injini mpya nilipata kama nusu ya nilichotarajia. Nilipochokoa tena likatoka gamba pana kama ukucha wa kidole gumba, na nusu iliyobaki ikalifuata. Baada ya hapo sailensa, ambayo imetengenezwa makusudi ili ishike maji, ina nati yake chini. Kisha kila mpira unaoning'inia chini kuliko miisho yake miwili. Enda tezi na omo marejeo ni ngamani: maji yote ninayoyafungulia huishia humo, na nikimaliza nafua ngama mpaka ikauke, kwa sababu maji ya ngama nayo huganda.

Koki ya kuingizia maji, zile za robo mzunguko, zina ujanja wake. Ndani mna tufe la chuma lenye tundu. Ukiifunga, maji yaliyokuwa ndani ya lile tundu yanabaki yamefungiwa, na yanaweza kuupasua mwili wa koki ambao ndio unaozuia bahari isiingie ndani ya boti. Nchi kavu huwa naiacha wazi nusu.

Baada ya kukausha ndipo dawa ya kuzuia kuganda. Kuna ya aina mbili kuu, na tofauti yake si ya bei tu. Ile ya ethilini glaikoli ni sumu, na mbaya zaidi ina utamu. Mbwa au paka akiilamba anaweza kufa. Kwa kuwa hii ninayotia itamwagika kupitia bomba la moshi siku ya kwanza ya kuwasha, natumia ya propilini glaikoli. Lakini usidanganywe na namba kwenye galoni. Ikiandikwa kwamba inalinda mpaka nyuzi 45 au zaidi chini ya sifuri, maana yake mara nyingi ni kwamba bomba halitapasuka kwenye baridi hiyo ikiwa dawa haijachanganyika na kitu. Huanza kuwa uji wa barafu mapema zaidi. Na ikikutana na maji yaliyobaki kwenye bloku, inapungua nguvu haraka kuliko unavyofikiri. Ndiyo maana natoa maji kwanza, na ndiyo maana wale wanaoimwagia tu kwenye injini iliyojaa maji, wakaona rangi ya waridi ikitoka nyuma, wakaondoka kwa furaha, mimi huwaangalia na kujiona nilivyokuwa.

Naimimina dawa kwenye ndoo, nawasha injini ikiwa na moto ili themostati iwe wazi, na mtu mwingine anakaa nyuma na kopo la kioo. Rangi peke yake haitoshi. Nataka itoke nzito, ya rangi ile ile iliyomo kwenye galoni, kwa sekunde kadhaa mfululizo. Halafu nazima, na kutoka kwenye koki ya bloku nakinga kopo la pili.

Yaliyobaki ni mepesi. Impela ya mpira naitoa. Ikiachwa humo mapezi yaliyopindwa hubaki yamepindika, na likikosekana pezi moja sina budi kulitafuta, maana limekwama mahali kwenye bomba na litakuja kuziba maji siku nisiyoitaka. Zinki, kile kipande kinachowekwa ili kiliwe na kutu badala ya injini, ikiwa imeliwa nusu nabadilisha. Betri natoa, nachaji mpaka volti 12.7 hivi na kuiweka pakavu. Betri iliyojaa huvumilia baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, iliyokwisha chaji huweza kuganda kwenye nyuzi chache tu. Mdomo wa hewa na wa moshi naziba kwa vitambaa vyenye oili, kwa unyevu na kwa panya, ambao hupenda bomba la moshi kama nyumba ya kupanga.

Kitu kimoja cha tahadhari kwa wenye dizeli: ile oili ya kupulizia inayouzwa kwa ajili ya kulinda silinda ni ya injini za petroli. Usiipulize kwenye mdomo wa hewa wa dizeli inayozunguka. Dizeli huweza kuichoma kama mafuta na kuanza kujiendesha yenyewe, mwendo ukapanda bila breki. Mimi natia matone machache ya oili safi injini ikiwa imezimwa, nafungua levya ya kuondoa mgandamizo, nazungusha krenki kwa mkono raundi kadhaa. Basi.

Na ile injini ndogo ya kupachika ya mtumbwi wa kusaidia? Niliidharau miaka miwili. Nilikuwa naisuuza, naikausha petroli kwenye kabureta, naipuliza oili kupitia matundu ya plagi, nikadhani imekwisha. Mwaka wa tatu nikafungua nati ya chini ya gia boksi ili nibadilishe oili ya gia. Kwanza yakatoka maji matupu, kama kijiko, halafu oili nyeupe kama maziwa. Nyuma ya propela, nilipoitoa, palikuwa na uzi wa kuvulia samaki umejizungusha kwenye shafti, umebana kiasi cha kuikata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Yale maji yangeganda humo, yangelipasua gamba la gia boksi. Nilikuwa nimeponea mwaka huo kwa sababu tu niliifungua kabla ya barafu. Oili mpya ya gia hutiwa kwa kusukumwa kutoka tundu la chini mpaka itokeze la juu, ili hewa itoke; kisha unafunga nati ya juu kwanza, ndipo unachomoa pampu chini na kuziba haraka. Zile pete za kuziba chini ya nati ziwe mpya. Na injini yenyewe ihifadhiwe imesimama wima, si kulazwa, ili maji yaliyobaki yashuke yenyewe.

Mwisho kabisa naandika kipande cha karatasi na kukifunga kwenye ufunguo kwa uzi: impela iko kwenye mfuko ndani ya droo, midomo miwili imezibwa kwa vitambaa, betri iko nyumbani, koki iko wazi. Niliyaandika yote hayo kwa herufi kubwa baada ya kuwasha injini bila impela msimu mmoja na kuizima ndani ya nusu dakika, nikisikia harufu ya mpira wa bomba la moshi.

Yale makopo mawili ya kioo siyatupi. Moja lina dawa iliyotoka nyuma kwenye bomba la moshi, jingine iliyotoka kwenye koki ya bloku. Nayaweka kwenye rafu karibu na injini, mahali penye baridi ile ile. Mwaka huu barafu ya kwanza ya maana ilikuja usiku wa upepo, na asubuhi nikapanda ngazi na tochi. Maji ya ndoo niliyoiacha chini ya boti yalikuwa yamekuwa jiwe, nimeipiga teke ikalia. Kopo la bomba la moshi lilikuwa limeingia uji uji kidogo juu. Lile la bloku nikaliinamisha, likamiminika upande mmoja polepole, zito, bila chembe hata moja. Nikalirudisha mahali pake, nikateremka.